Bakshishi na Ujira

Bakshishi ni hisani, na ujira ni haki. Lakini huko Marekani mambo haya mawili yaliwahi kuchanganywa. Wachukuzi wa mizigo katika stesheni za gari la moshi, walioitwa "Kofia Nyekundu", wengi wao watu weusi, waliishi zaidi kwa bakshishi za abiria. Sheria ya mwaka 1938 ilipoamuru mshahara usiopungua senti 25 kwa saa, kampuni nyingi ziliwataka wachukuzi watoe hesabu ya bakshishi zao, nazo zikaahidi kujaza upungufu tu. Wachukuzi wakashitaki. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikawapa waajiri ushindi. Hivyo hisani ya msafiri ikahesabiwa kuwa ujira, na tajiri akatimiza sheria kwa fedha zisizo zake.