Mei Mosi ya Ireland: Vita vya Kuilinda Siagi

Karne nyingi kabla Mei Mosi haijawa sikukuu ya wafanyakazi, wakulima wa Ireland waliisubiri kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Waliiita Bealtaine, siku ya kwanza ya majira ya joto, wakati wa kupeleka ng'ombe malisho ya milimani.

Kamusi ya kale, Sanas Cormaic, inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, mfalme na askofu aliyefariki mwaka 908, inasimulia kuwa makuhani wa dini ya jadi waliwasha mioto miwili, wakanuizia, kisha ng'ombe wakaswagwa katikati yake ili wakingwe na maradhi. Ukristo ulipokita mizizi, makuhani walitoweka, mioto ikabaki.

Lakini kilichowakosesha watu usingizi ni siagi. Soko la siagi la mji wa Cork, lililoanza mwaka 1770, lilikuja kuwa miongoni mwa makubwa duniani, na wapangaji wengi walitegemea siagi kulipia kodi ya ardhi, iliyodaiwa mara nyingi Mei na Novemba. Maziwa yakisukwa yakakataa kutoa siagi, deni limeingia nyumbani. Ndiyo maana siku ya Bealtaine, kwa hofu ya kuibiwa siagi kichawi, hakuna aliyetoa nje moto, maziwa wala chumvi. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alirudi mikono mitupu, na tena alishukiwa. Iliaminika kwamba hasidi akiburuta kitambaa kwenye umande wa shamba la mwenzake alfajiri, au akiwahi kuteka maji ya juu kisimani, ameondoka na siagi ya mwaka mzima. Watu walijikinga kwa maua ya njano mlangoni.

Kisa kilichosimuliwa sana ni cha sungura anayenyonya ng'ombe. Mbwa wanamng'ata mguu, anatoroka akichuruzika damu. Wawindaji wanafuata matone hadi kibandani, wanamkuta bibi kizee na jeraha bichi. Mwandishi Gerald wa Wales aliiandika imani ya vikongwe kugeuka sungura tangu karne ya 12, na watoto wa shule waliokusanya simulizi za wazee kati ya 1937 na 1939 waliikuta ingali hai.

Mtuhumiwa karibu kila mara ni mwanamke, mara nyingi mzee na mpweke. Hilo linaniuma. Siku hizi moto wa Bealtaine unawashwa tena kwenye kilima cha Uisneach, na mwaka 2017 Rais wa wakati huo, Michael D. Higgins, aliuwasha mwenyewe. Ni jambo jema. Wanaoufufua wawakumbuke pia wanawake waliobebeshwa lawama za siagi iliyogoma.