Mnyama Kielelezo

Katika maandishi ya ilimu ya tiba limezagaa neno ambalo wafasiri wetu hulitoa kwa namna tatu, mara "modeli ya mnyama", mara "mfano wa mnyama", mara "mnyama wa mfano". Na maana yake ni mnyama ambaye mtaalamu humtia kwa makusudi sehemu ya maradhi ya binadamu, apate kuyatazama yanavyokwenda mwilini, jambo ambalo haijuzu kumfanyia mtu. Modeli, kwa masikio ya wengi, ni wa mavazi. Mfano wa mnyama waweza kuwa kinyago. Na mnyama wa mfano, kama mwanafunzi wa mfano, ni yule aliyewashinda wenziwe kwa adabu. Mimi nachagua "mnyama kielelezo", maana kielelezo huonyesha kitu kingine bila ya kudai kuwa ndicho, na maradhi ya Parkinson, hususa upande wa tumbo, yanatupa hoja ya kutosha.

Maradhi hayo hujulikana kwa mtetemo wa mikono na mwendo wa kuburura miguu. Lakini James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817, alikwisha kutaja kufunga choo, na leo ni yakini kwamba aghalabu choo hufunga miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Tumbo nalo huchelewa kumwaga chakula, na maadamu dawa ya levodopa hunyonywa katika utumbo mwembamba, kidonge kilichokawia tumboni humwacha mgonjwa amekakamaa akingoja. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake, huko Ujerumani, walitoa rai kwamba huenda maradhi yanaanzia matumboni, yakapanda hata ubongoni kwa njia ya neva iitwayo vagasi. Rai ya namna hiyo haithibitiki kwa kupasua maiti peke yake, kwa kuwa maiti huonyesha yalikofikia maradhi, si yalikotoka.

Sisi wa pwani hii, kuanzia Bunju hata Saadani, tunayo sababu ya kuifahamu sumu mojawapo itumikayo kumtia mnyama kielelezo maradhi hayo. Utupa, jina ambalo hupewa mimea zaidi ya mmoja, mmojawapo ukiwa Tephrosia vogelii, hupondwa majani yake yakatiwa katika maji yaliyotuama, samaki wakaelea wamelewa. Ni uvuvi uliokatazwa na sheria, na umekatazwa kwa haki, maana haubagui mkubwa wala kitoto. Katika majani hayo mna rotenoni, ambayo huizuia seli isitengeneze nguvu. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani, akiwamo Timothy Greenamyre, walieleza kwamba panya waliotiwa rotenoni kidogo kidogo, mfululizo, walipoteza seli za ubongo zile zile zifazo kwa mgonjwa wa Parkinson. Na baadaye ikaonekana kwamba tumbo la panya wa namna hiyo nalo huchelewa kumwaga chakula.

Kupima mwendo wa matumbo kwenyewe kunachekesha kidogo. Panya hulishwa rangi nyekundu isiyonyonywa mwilini, mtu akakaa na saa yake kungoja kinyesi chekundu cha kwanza. Au hutiwa ushanga wa kioo kwa nyuma, zikahesabiwa dakika hata autoe. Na rai ya Braak nayo ilijaribiwa: mwaka 2019 wataalamu wa Johns Hopkins waliwadunga panya, katika ukuta wa tumbo na mwanzo wa utumbo, protini ya alfa-sinukleini iliyokunjika vibaya, ile irundikanayo katika ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, ikapanda hata ubongoni. Kwa waliokatwa vagasi haikupanda.

Je, panya huyo ana Parkinson? Hana. Kwa maumbile yake panya hawezi kutapika, seuze kutueleza kichefuchefu ambacho levodopa huwaletea wagonjwa wengi. Yeye huugua kwa majuma, mtu kwa miaka. Na sumu yaweza kumdhuru tumbo kwa njia isiyohusiana na maradhi kabisa. Wala kielelezo hakimwondoi mgonjwa mwenyewe: uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 katika watu wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa maradhi yao.

Watu wa Bagamoyo, ambako jaribio kuu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilianza Mei 2009, wanaelewa kuwa kati ya mnyama na mtoto wa mtu pana hatua nyingi. Nawasihi basi waandishi wa magazeti: msituambie dawa fulani imeponya Parkinson ilhali aliyepona ni panya. Andikeni "panya kielelezo", na mtaje alitiwa kitu gani.