Hitilafu ya Saketi ya Injekta

Istilahi "hitilafu ya saketi ya injekta" hutajwa gereji pale mashine ya kusomea kompyuta ya gari inapoonyesha msimbo P0200, unaohusu injekta kwa jumla, au mmojawapo wa misimbo P0201 hadi P0208, ambayo tarakimu yake ya mwisho hutaja silinda inayohusika. Injekta ni vali ndogo ya sumaku-umeme: ndani yake mna koili ambayo, ikipitiwa na umeme, huvuta sindano na kuiruhusu petroli yenye shinikizo irushwe kwa milisekunde chache. Jina hilo lina asili moja katika Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo fundi wa Mbarara, Uganda, na mwenzake aliyetoka Kongo akaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hawapati taabu kuelewana.

Uzito wa istilahi, hata hivyo, umo katika saketi, yaani njia nzima ya umeme inayoanzia kwenye betri, ikapita kwenye fyuzi na relei, ikaingia kwenye koili, kisha ikafika kwenye kompyuta, ambayo ndiyo hufunga na kufungua upande wa hasi. Kuitafsiri "kuharibika kwa injekta" ni upotofu wenye gharama, kwa kuwa kifaa kimoja huhukumiwa ilhali kompyuta imelalamikia njia yote, na dereva hununua injekta mpya kisha akaondoka na gari lile lile linalotetemeka. "Mzunguko wa umeme" si kosa, ila katika habari za injini hugongana na mizunguko ya krenki. Saketi inafaa zaidi.

Uchunguzi nao hufuata njia hiyo. Swichi ikiwa imewashwa, waya wa chanya kwenye plagi ya injekta unapaswa kuwa na volti zinazokaribia za betri. Zikikosekana kwenye injekta zote, fyuzi na relei ndizo za kutazamwa kwanza. Koili hupimwa kwa multimita, na katika Toyota nyingi ndogo za petroli ukinzani wake huwa kati ya omu 12 na 16: kipimo kikikaribia sifuri kuna shoti, na kisiposoma kabisa koili imekatika. Upande wa kompyuta hukaguliwa kwa taa ndogo ya LED inayochomekwa kwenye plagi, ambayo humetameta injini inapozungushwa; balbu kubwa isitumike kamwe, kwani huvuta mkondo unaoweza kuunguza transista za kompyuta.

Kwa gari linalopita barabara za murram, plagi zenyewe zinastahili jicho la kwanza. Mtikisiko hulegeza pini na kuvunja klipu ya plastiki, na maji ya kuoshea injini huacha kutu ya kijani kwenye shaba. Pakibaki shaka, injekta ya silinda ya 2 hubadilishanwa na ya silinda ya 3: msimbo ukihama kutoka P0202 kwenda P0203, injekta ndiyo mbovu, ukibaki pale pale, kosa limo katika waya, plagi au kompyuta.

Waya uliokatika huungwa kwa kulehemu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, hasi ya betri ikiwa imefunguliwa, maana kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe hakistahimili mashimo. Hatimaye msimbo hufutwa, na gari huendeshwa katika barabara ile ile mbovu kabla ya kukabidhiwa mwenyewe, kwa sababu pini iliyolegea huweza kupitisha umeme vizuri kabisa gari likiwa limesimama.