Sauti ya Msomaji katika Utendi wa Mwana Kupona

Zamani katika miji ya Lamu, Pate na Siu, utendi haukutungwa ili utazamwe kwa macho tu. Ulisomwa kwa sauti, tena kwa mahadhi, mbele ya wasikilizaji, na wasiojua kusoma wakapata fungu lao sawa na wenye kujua.

Mfano mwema ni utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, shekhe wa Siu aliyepigana na Sultani wa Unguja, alikuwa amekufa mwaka 1856. Na mama mwenyewe alikuwa mgonjwa. Katika beti za mwanzo amwita binti yake, Mwana Hashima, akaribie na kutwaa wino na karatasi. Basi utendi ule wajionyesha kuwa ni maneno ya kinywa kabla ya kuwa maandishi, na mwishoni wawataka wanawake wengine wausome wapate maana yake.

Kuusoma kwahitaji ustadi. Ubeti una vipande 4 vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hurudia kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho. Mahadhi yaliyotwaliwa kwa nasaha za adabu ndiyo yatumikayo kwa habari ya mume aliyemtolea mkewe radhi alipokaribia kufa. Kwa hiyo msomaji habadili wimbo ili aonyeshe huzuni. Hana ila pumzi yake, kituo chake, na uzito autiao katika neno. Akizidisha kilio, mizani huvunjika na nasaha hupotea. Akisoma kikavu, mama mgonjwa hasikiki.

Hati zenyewe zilimtegemea msomaji huyo. Herufi za Kiarabu kama zilivyotumiwa zamani hazikupambanua vema e na i, wala o na u. Asiyepata kuyasikia maneno aliweza kuyakosea. Alice Werner na William Hichens walipoupiga chapa utendi huu kwa herufi za Kirumi mwaka 1934, irabu zilidhihirika, na kila ajuaye kusoma aliweza kuufuata peke yake. Faida hiyo ni kubwa. Lakini mahadhi hayakupigwa chapa, wala kituo cha pumzi. Kitabu huhifadhi aliyoyasema mama. Namna ya kuyasema huhifadhiwa na masikio ya waliomsikia msomaji, nao wasipowarithisha watoto wao, hapana karatasi itakayoirudisha.