Pombe, Bia na Kileo

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa sheria na matangazo, pombe ni mojawapo. Wako walitumiao kwa kila kinywaji kileweshacho, na wako walitumiao kwa vinywaji vya kienyeji tu. Yafaa basi tutazame lilikotoka.

Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alieleza katika kitabu chake cha 1860 namna wanawake wa bara walivyopika pombe: nafaka ililoweshwa hadi ikachipua, ikatwangwa, ikachanganywa na unga, kisha ikachemshwa. Pombe hiyo haikuwa tembo la mnazi, wala haikuwa kila kinywaji kikali. Ilikuwa kinywaji cha shughuli: kuwaita majirani shambani, kupeleka posa, kutambika. Mbege ya Uchagani, ya ndizi na kimea cha ulezi, hunywewa kwa kata ipitayo mkono hadi mkono. Pande za Mlima Elgon, Waluhya na Wagisu walizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Anayedhani kwamba raha yake ilikuwa ulevi peke yake hajapata kuketi penye chungu hicho.

Utawala wa kikoloni ulileta mgawanyo mwingine. Sheria zilitenga vinywaji vya wenyeji na vya Wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kunywa bia ya chupa. Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Mwaka uliofuata mwanzilishi mmojawapo, George Hurst, aliuawa na tembo mawindoni, na inasimuliwa kuwa ndiyo asili ya jina la bia ya Tusker. (Msomaji wa pwani atatabasamu: tembo wa mwituni amekipa jina kinywaji kisicho tembo.) Hivyo bia ikashika chupa, pombe ikabaki na mtungi. Vizuizi vilipoondolewa, wanywaji wakawa wamoja, na kwa maoni yetu hapo ndipo neno pombe lilipotanuka hata likameza yote.

Nomino imepoteza mpaka wake, lakini vitenzi vimeuhifadhi. Tembo hugemwa, na ulanzi wa Iringa vilevile. Ndiyo maana methali humtaja mgema anayesifiwa, si mpishi. Pombe hupikwa. Moshi hukenekwa. Tanzania ilipotunga sheria ya moshi mwaka 1966, neno hilo la Kiswahili liliingia katika jina la sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya vileo ya 1968 nayo ilizitaja pombe za kienyeji mbali na vinywaji vingine.

Jambo hili si la wanakamusi tu. Mama mwenye leseni akisoma kwamba “uuzaji wa pombe umekatazwa”, ilhali matini ya asili ilikusudia vinywaji vilivyokenekwa, atafunga kilabu chake bure na kukosa ada ya shule.

Twapendekeza kileo kiwe jina la jumla. Bia ibaki kwa kinywaji cha kiwandani. Pombe ifuatane na jina lake, kama vile mbege au busaa. Panapokosekana jina, mfasiri aulize kwanza: kilipikwa, kiligemwa, au kilikenekwa? Dengelua bado yatushinda, kwani maji ya miwa hukamuliwa tu yakaachwa yachachuke. Msomaji mwenye kitenzi kinachoifaa na atuandikie.