MTIHANI HUPIMA NINI?
Kumbukumbu za mwanafunzi na mwalimu wa zamani

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia fupi ya jambo linalowahusu wote waliopita katika madarasa yetu, wazee kwa vijana. Kwanza nilifikiria chakula, nikaona kwamba habari za uji wa mtama na maharage yenye wadudu zimekwisha andikwa vya kutosha. Basi nimechagua mtihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeukwepa. Aidha, nina deni moja katika jambo hili, nami nataka kulikiri mbele yenu kabla sijamaliza.

Kaka zetu waliosoma kabla ya Uhuru, na miaka michache baada yake, walifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa. Mtoto wa Kigogo aliyekulia kuchunga ng'ombe alingoja miezi kadhaa aambiwe na mtu asiyewahi kuuona mbuyu kama amefaulu au ameanguka. Karatasi nyingi zilidai insha. Tusizidharau insha hizo, kwani aliyezishinda alijua kupanga hoja na kuzitetea. Lakini alizitetea kwa Kiingereza. Kwa hiyo aliyeanguka katika Historia hakujua kama ameangushwa na Historia au na lugha. Huo ni ugonjwa wa kwanza wa mitihani: kudhani unapima jambo moja, kumbe unapima jingine.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Pamoja na mengine alisema kwamba mitihani yetu ilipima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa kwa saa iliyowekwa, wala haikupima tabia ya mtu au moyo wake wa kuwatumikia wenzake. Nchi yetu ilikuwa imejiunga na Kenya na Uganda katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 tulijitoa, na mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria Na. 21 iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na Azimio lake likataka mtihani wa mwisho usiwe mwamuzi pekee. Kazi ya mwanafunzi ya kila siku, darasani na shambani, nayo ihesabiwe, pamoja na tabia yake.

Utaratibu huo wa maendeleo ya kila siku ulianza kutumika mwaka 1976, nasi ndio tuliokuwa Kidato cha Nne. Alama za shuleni zilipewa uzito wa nusu. Mtakumbuka, wenzangu, jinsi tulivyopokea habari hiyo. Wale waliokuwa wakitetemeka wakiona karatasi ya mtihani walishangilia. Haukupita muda tukagundua kwamba kila pumzi yetu sasa ina alama. Bidii, utii, usafi, ushirikiano, utunzaji wa mali ya shule, yote yaliandikwa katika fomu. Vijana waliokuwa wakilala chini ya mgunga walijifunza kuinua jembe mara tu walipomwona mwalimu wa zamu akivuka korongo, na kulishusha alipopita. Mmoja wetu aliandika insha ya Siasa juu ya kujitegemea iliyosomwa mbele ya darasa zima, na sote tulijua kwamba hakuwahi kupalilia tuta moja likaisha. Insha ilipima kalamu yake, na kwa kalamu alistahili. Jembe lilihitaji kipimo kingine.

Sasa nalifikia deni langu. Mwaka 1982 nilirudi shuleni nikiwa mwalimu wa Kilimo. Siku hizo shule nyingi zilikuwa na michepuo, na wetu ulikuwa wa kilimo. Tulikuwa na shamba dogo la mizabibu. Hapa Dodoma zabibu ni mali ya kweli, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno hutanguliwa na kupogoa. Kupogoa si kukata tu. Mwenye mkasi lazima alitambue tawi lililokomaa, ahesabu macho, aache mawili au matatu, na akate juu yake. Akikata chini mno, msimu huo ataangalia majani tu.

Nilitaka kujua nani ameelewa. Darasa lilikuwa na vijana zaidi ya 40, mikasi ilikuwa miwili, na alama zilitakiwa ofisini Ijumaa. Nikatunga maswali kumi ya kuchagua herufi. Niliyasahihisha yote kwa saa moja, nikafurahi.

Kijana mmoja alipata 9. Mwingine, mtoto wa mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, alipata 3, kwani Kiingereza kilimshinda na maneno niliyotumia hakuyajua. Nikaziandika kama zilivyo.

Juma lililofuata tulikwenda shambani. Yule wa 9 aliishambulia safu nzima kabla sijamfikia, akakata hadi kwenye kuni. Yule wa 3 aliinama kwenye mzabibu wa kwanza, akapitisha kidole juu ya tawi, akahesabu kwa midomo, akakata. Alimaliza safu yake, akahamia kwa jirani kumwelekeza. Nilisimama pale nikiwa na daftari la alama kwapani.

Ndugu zangu, ningeweza kurudi ofisini kuomba kurekebisha. Sikwenda. Nilijiambia kwamba alama zimekwisha ingizwa, kwamba mwalimu anayebadili alama atashukiwa, kwamba kijana atafidia katika mtihani wa mwisho. Hakufidia. Alikosa kuendelea, na somo lile lilikuwa miongoni mwa yaliyomwangusha.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni Majengo akiuza zabibu za shamba lake mwenyewe. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," akanifungashia kilo mbili na kukataa fedha. Nilipokuwa nikiondoka alisema akicheka, "Mwalimu, mizabibu ulinipa tatu." Nilicheka pamoja naye, lakini zabibu zile sikuweza kuzila siku hiyo.

Nimesimulia haya kwa sababu kosa langu dogo ni la jamii moja na makosa makubwa tuliyoyaona baadaye. Namna ya mtihani ikichaguliwa kwa kuangalia urahisi wa kusahihisha, mtoto ndiye anayelipa gharama.

Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza walikuwa hawajui kusoma na kuandika sawasawa. Watu waliuliza walipitaje Darasa la Saba. Hapana shaka wizi wa mitihani ulikuwapo, lakini tupige hesabu pia. Karatasi ya maswali 40 yenye herufi tano, mtoto akitia alama huku amefumba macho, kwa wastani atapata 8. Karatasi ya namna hiyo haimtaki aandike hata sentensi moja. Mwaka huo huo majibu ya Darasa la Saba yalianza kusahihishwa kwa mashine, mtoto akitia kivuli kwenye herufi, Hisabati nayo ikiwamo. Mashine haichoki wala haimpendelei mtu, na kwa mamia ya maelfu ya watahiniwa hiyo ni faida kubwa. Lakini mashine hiyo haioni njia ambayo mtoto ameipita hadi kulifikia jibu, na katika Hisabati njia ndiyo somo lenyewe.

Februari 2013 yalitoka matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Mei Serikali iliyafuta, ikaagiza alama zipangwe upya. Kalamu za watoto hazikuandika chochote kipya kati ya Februari na Mei. Kilichobadilika ni jinsi ya kuzipanga alama zao. Kabla mwaka huo haujaisha ulitangazwa uzito mpya: 40 kwa kazi za shuleni na 60 kwa mtihani wa mwisho. Ile nusu yetu ya 1976 ilipungua, na sisi walimu hatuna budi kukubali sehemu yetu ya lawama. Wapo waliopika alama za shuleni, na alama ikipikwa haimshibishi mtu.

Je, tuwaambie nini vijana walioko madarasani leo, na walimu wao? Mimi si mtaalamu wa vipimo, lakini miaka yangu imenifunza machache. Maswali ya kuchagua herufi ni mazuri yakitumika kupekua eneo kubwa la somo kwa muda mfupi, iwapo majibu ya uongo yametungwa kwa akili. Majibu mafupi huonyesha kama mtoto anakumbuka bila kuonyeshwa. Insha huonyesha kama anaweza kufikiri kwa mpangilio, ila msahihishaji awe na mwongozo, la sivyo mwandiko mzuri utakula alama za hoja nzuri. Kusema kwa mdomo humfaa anayejua lakini kalamu nzito. Na kazi ya mikono ipimwe kwa mikono. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika Kidato cha Kwanza. Nawasihi walimu wa mkondo huo: mkiwa na mikasi miwili na vijana 40, wapangieni zamu hata kama itachukua majuma matatu. Alama zikichelewa ofisini, aulizwe mwalimu mkuu, asiulizwe mtoto.

Nanyi wanafunzi, msiuchukie mtihani, wala msiuabudu. Ulizeni kila mara: karatasi hii imeniuliza nini, na ni lipi ninalolijua ambalo haikuniuliza? Hilo la pili lilindeni, kwani huenda ndilo litakalowalisha.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu natumaini kumleta mgeni mmoja kutoka Hombolo. Hakumaliza pamoja nasi kwa cheti, lakini alimaliza safu yake. Nimekwisha mwomba awaonyeshe vijana jinsi ya kupogoa, nami nitasimama pembeni na daftari langu. Safari hii nitaandika baada ya kuona.