Deni la Msomi

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Walipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, ambapo miezi 18 wangefanya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wakubwa, walisema, wananeemeka. Nyerere aliwatimua karibu 400, kisha akajikata mshahara wake kwa asilimia 20.

Nami nilipitia JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Nawasoma vijana wale sasa, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, na siwezi kuwacheka. Walisahau nani aliwasomesha. Lakini hoja yao kuhusu wakubwa ilikuwa na ukweli, na Mwalimu aliijibu kwa mfuko wake mwenyewe.